Hapana Niliyoitafuta kwenye Simu

Mimi ndiye niliyemleta yule fundi wa friji nyumbani. Naanzia hapo makusudi, kwa sababu watu wa kwetu wakisimulia mambo haya huanzia siku ya wageni, siku niliyofungua mdomo, kana kwamba kabla ya siku hiyo nilikuwa nimekaa tu pale kama kabati.

Alianza kuja dukani. Nilikuwa nauza pazia Eastleigh, kwenye jengo lililojaa vitambaa kutoka sakafuni hadi dari, na tajiri wetu alikuwa na friji ndogo ya soda iliyonguruma kuliko wateja wake. Akaitwa fundi kutoka Kware. Aliingia, akatusalimia wasichana wote wanne mmoja mmoja, akapiga magoti nyuma ya friji, kisha akaomba mtu amshikie tochi. Akanitazama mimi. Si wale wengine, mimi. Niliishika ile tochi mpaka mkono ukafa ganzi na sikuthubutu kuubadilisha. Alipomaliza akafuta mikono, akaniuliza, "Siste, friji ya kwenu iko poa?"

Friji ya kwetu ilikuwa imekufa kitambo, mama alikuwa akihifadhia unga ndani yake. Nikasema ina shida kidogo.

Jumamosi akaja kwetu, mtaa wa Mbotela. Nilikuwa nimepiga deki tangu asubuhi, nimevaa rinda langu la bluu, nimesuka nywele Ijumaa nikaketi kwa msusi mpaka kiuno kikaniuma. Mdogo wangu alikuwa kwenye kochi, amejifunika blanketi hadi kidevuni ilhali nje jua linachoma mabati. Fundi akasimama mlangoni na mkoba wake wa spana. "Pole," akamwambia. "Unaumwa?" Na mdogo wangu, ambaye ameumwa tangu azaliwe na anakujua kuumwa jinsi mtu anavyoijua kazi yake, akatabasamu kidogo tu na kusema, "Nimezoea."

Basi, kwisha. Niliona kwa macho yangu haya. Ile friji ilichukua Jumamosi tatu kutengenezwa. Friji gani hiyo, jamani? Watu hushusha injini ya lori na kuirudisha kwa siku mbili.

Nisidanganye kwamba wivu wangu ulianza na fundi. Nyumba yetu ni ya kanjo, yaani ya baraza la jiji, vyumba viwili na bomba la nje tunalotumia na majirani. Baba alistaafu kutoka reli, mama ana kibanda cha mboga karibu na Jogoo Road, na sote watatu tuliishi tukimzunguka mdogo wangu. Ana shida ya damu. Ndivyo tulivyosema, "shida ya damu", kwa sauti ya chini, na hatukusema zaidi. Baridi ikimpiga, miguu na mgongo vinamuuma mpaka anapiga kelele. Homa ikimshika, mama anaacha sukuma wiki zikinyauka kibandani na kukimbia naye hospitali. Kliniki walikwenda wawili tu, yeye na mama, na wakirudi walifunga mlango wa chumba cha ndani, wakanong'ona. Mimi niliambiwa, "Wewe ni mzima, kateke maji."

Wewe ni mzima, ngoja. Wewe ni mzima, mwachie mwenzako soksi hizo. Wewe ni mzima, machungwa hayo si yako. Nikiwa na miaka kumi na miwili nilijimwagia ndoo ya maji baridi nyuma ya choo, nikakaa na nguo mbichi upeponi, ili na mimi niumwe. Nilipata kamasi kidogo na kofi moja la mama kwa kulowesha sare ya shule. Hata kikohozi hakikuja. Niliwahi kulala nikisikiliza mama akimsugua mdogo wangu miguu kwa mafuta, ule mkono ukipanda na kushuka, ukipanda na kushuka, na nikamchukia. Ndiyo, mtoto wa watu, mgonjwa, damu yangu. Nilimchukia.

Kwa hiyo mama aliponiambia pale bombani kwamba fundi ameomba kuleta watu wake, na anamtaka mdogo wangu, sikushangaa. Niliumia tu mahali palepale pa zamani. Mama aling'aa uso. "Mungu ameniona," akasema, "huyu nilidhani nitakaa naye mpaka nizeeke." Kisha akanikumbuka. "Na wewe wako yuko njiani, usijali. Wewe ni mzima."

Siku ya pili yake, saa ya chakula, nilikaa nyuma ya marobota ya pazia na kuiuliza simu.

Wasichana wote wa duka letu waliiuliza simu mambo ya mwili. Mmoja alikuwa na uvimbe kwenye titi, na kwenye zahanati ya mtaa wao anayeandikisha wagonjwa ni mama wa kikundi kimoja na mamake kanisani, sauti yake inasikika mpaka kituoni. Mwingine alikuwa amechelewa siku zake wiki mbili na hakutaka kuhubiriwa. Waliinamisha vichwa, wakafunika kioo kwa kiganja, wakasoma huku wakitafuna chapati. Simu haikuulizi wewe ni mtoto wa nani. Lakini kubwa kuliko yote, kwangu mimi, ni kwamba simu haikuangalii usoni. Ningemwendea daktari gani nikamwambia, samahani, nina mdogo wangu mgonjwa anataka kuolewa, naomba uniambie haiwezekani?

Maana ndilo nililotaka. Nilikuwa natafuta hapana.

Kwanza sikujua hata niulize nini. Miaka ishirini na sita ndani ya nyumba moja na ugonjwa ule, na sikuujua jina! Mama alipoenda kibandani nilifungua begi lake, nikatoa kitabu cha kliniki kilichofungwa kwenye mfuko wa nailoni, na nikakuta neno lenyewe limeandikwa juu ya ukurasa wa kwanza, wazi kabisa, kama jina la mtu. Selimundu. Chembe za damu zinapinda kama mundu, zinakwama njiani, hapo ndipo maumivu yanapotoka. Nilijua hayo dakika tano baadaye, nikiwa nimesimama palepale na begi la mama mkononi.

Nikauliza: mgonjwa wa selimundu anaweza kuolewa? Simu ikasema anaweza. Nikauliza: anaweza kuzaa? Anaweza, ila awe karibu na daktari tangu mwanzo. Nikaona sijauliza vizuri. Nikaandika hatari za mgonjwa wa selimundu kupata mimba, na hapo yakamwagika, mengine ya kutisha, nikayasoma kwa hamu mbaya ambayo mpaka leo naionea aibu. Kila mchana nilirudi nyuma ya marobota. Niligundua kwamba simu ukiibembeleza, ukilipindua swali hivi na vile, mwisho itakupa unachotaka. Wenzangu walidhani nina mchumba. "Anakutumia nini huyo, mbona unakunja uso?" wakanitania. Nikacheka nao.

Siku moja nikalipata. Halikuhusu mimba, lilihusu mwanamume. Mgonjwa kama mdogo wangu akizaa na mtu ambaye damu yake ni safi kabisa, watoto hawaugui. Lakini kuna watu wazima wa afya, wanaokula na kulala kama kawaida, na kumbe wamebeba nusu ya ugonjwa bila kujua. Akizaa na mtu wa namna hiyo, kila mimba ni nusu kwa nusu. Kila mtoto anaweza kuzaliwa na maumivu yale. Na fundi kwao ni kando ya ziwa, na simu ilisema huko wabebaji ni wengi.

Ningekuwa dada mwema ningeondoka na habari ile hapo hapo, nimwambie mdogo wangu siku hiyohiyo, faraghani, wasichana wawili kitandani. Sikumwambia. Nilikaa nayo wiki tatu. Nilimtazama akijaribisha kitenge mbele ya kioo, fundi akimletea maini na viazisukari vyekundu kwa sababu alikuwa ameambiwa ana upungufu wa damu tu, mama akiwa ameonya mtu asitaje zaidi mpaka mambo yaive. Nilijua kitu wasichokijua wote. Nilisikia utamu ndani, nikanyamaza.

Wageni walikuja Jumapili baada ya kanisa. Fundi, wajomba zake wawili na shangazi yake mmoja mwenye kilemba kikubwa. Upande wetu baba alivaa koti, majirani wakatuazima viti, na shangazi yetu, dada yake baba, akaja kutoka Kakamega kusimamia mambo. Chapati zilikuwa zimepangwa chini ya kitambaa. Maneno yakaenda vizuri, watu wakacheka, na baba akaanza kukohoa kile kikohozi chake cha kufunga shughuli.

Ndipo shangazi yetu akainua mkono. "Bado," akasema. "Kwetu mdogo hapiti mbele ya mkubwa hivihivi. Mkubwa lazima atamke mwenyewe, hapa, mbele ya watu, kwamba amempisha. Asipotamka, hiyo ndoa itakuwa na neno ndani yake." Akanigeukia. "Haya mama, simama. Mwambie mdogo wako umempa njia."

Nilisimama. Chumba kizima kilinitazama. Katika maisha yangu yote hakuna siku nyumba ile iliwahi kungoja neno langu, na siku hiyo mama, baba, majirani, wajomba wa watu, wote walikuwa wameshikilia pumzi. Mdogo wangu alikuwa ameketi kwenye kochi lake na kitenge chake kipya, ananitazama kwa macho ya upole kabisa. Fundi naye alinitazama. Ilikuwa mara ya kwanza tangu ile tochi.

"Nampisha," nikasema. "Lakini fundi apimwe damu kwanza. Mdogo wangu ana selimundu. Na yeye akiwa ameibeba, watoto wataugua."

Yule shangazi wa kilemba akauliza polepole, "Ana nini?"

"Keti chini!" mama akafoka.

"Upungufu wa damu ndio tuliambiwa," mjomba mmoja akasema. Akamtazama fundi, fundi akamtazama mdogo wangu, mdogo wangu akatazama sakafu.

"Kuna ubaya gani kupima?" nikasema, nikijifanya mtu wa busara, sauti yangu ikitoka nyembamba. "Imeandikwa. Nimesoma."

"Umesoma wapi, wewe? Umesomea udaktari lini?" Mama alikuwa amesimama, machozi yanamtoka. "Roho yako mbaya! Tangu utotoni! Wageni wangu, samahani, huyu mtoto anaumwa na wivu."

Naye alisema kweli, na mbele ya kila mtu. Wageni waliondoka bila kula. Waliaga kwa heshima, walishika mikono, na shangazi wa kilemba hata alimkumbatia mama, lakini kitambaa hakikufunuliwa juu ya chapati. Fundi alikuwa wa mwisho kutoka. Alisema tu, "Nitapima."

Siku zilizofuata mama alinipikia bila kunisemesha. Sahani inawekwa mezani, anaondoka. Baba alifungulia redio. Mdogo wangu alilala akiangalia ukuta, na mimi kitanda cha pili nikajiambia nimefanya la haki, maana ni la haki, mwulize daktari yeyote. Nilijiambia hivyo mara nyingi mno.

Baada ya wiki mbili fundi alikuja na bahasha. Alikuwa ameibeba selimundu. Mtu mzima, mabega kama mlango, anabeba friji peke yake ngazi za ghorofa tano kule Kware, na ndani ya damu yake kulikuwa na nusu ya ule ugonjwa. Waliongea nje, karibu na bomba, mchana kweupe, majirani wakifua nguo na kujifanya hawasikii. Nilikuwa dirishani. Fundi alisema yuko tayari, lolote liwe. Mdogo wangu akatikisa kichwa. "Wewe hujawahi kulala ukiuma shuka," nikamsikia akimwambia. "Mimi nimelala hivyo tangu utotoni. Siwezi kumrushia mtoto wangu sarafu, augue au asiugue." Fundi alilia. Alijifuta kwa mkono wa shati la kazi, akaenda, na mdogo wangu akabaki amesimama pale mpaka mama mmoja akamsogezea kiti.

Mnajua alichofanya alipoingia ndani? Alinishika mkono. "Asante, dada," akasema. "Mama ananiombea, baba ananinunulia machungwa. Lakini hakuna mtu aliyewahi kukaa chini akanisomea. Kumbe wewe ulikuwa unanisomea." Na mama, aliyekuwa jikoni, akaja akanilaza kichwa begani mwake na kuniambia nimsamehe, kwamba nimewaokoa wajukuu zake na mateso. Siku hiyo alinikamulia machungwa mimi. Aliniita "daktari wetu" mbele ya jirani. Nilipokea vyote. Nilikunywa ile juisi mpaka tone la mwisho na sikusema neno.

Laiti ningeishia hapo. Lakini moyo wangu haukuwa umemaliza. Mwezi mmoja baadaye nilimwona fundi Eastleigh, amebeba gesi ya friji begani, amekonda. Akanisalimia kwa heshima, "Sasa, siste." Akaniuliza hali ya mdogo wangu. Nikamwambia anaendelea. Niliporudi nyuma ya marobota nilihesabu mambo: yeye yuko huru, yeye na mimi tulijuana kwanza, na mimi ni mzima. Aliyebeba nusu akizaa na mtu safi hakuna mtoto anayeugua, hilo simu iliniambia. Nilichokosa ni karatasi tu. Sikuwahi kupimwa, nani angenipima? Nilijiona tayari nikimwonyesha ile karatasi, si siku hizo, baadaye kidogo, mambo yakishapoa.

Nilikwenda maabara moja karibu na kazini, nikatoa damu, nikarudi siku niliyoambiwa. Nilifungua bahasha ngazini. Kulikuwa na herufi mbili nisizozielewa sawasawa, nikaja nayo nyumbani kwenye mkoba nikidhani nitaiuliza simu kesho. Lakini mdogo wangu alitoa mkoba kitini ili aketi, karatasi ikachomoza, na herufi hizo yeye amezisoma kwenye kitabu chake cha kliniki tangu darasa la kwanza.

Aliisoma amesimama. "Na wewe umebeba," akasema.

"Nini?"

"Hii hapa. Kama fundi. Kama mama na baba. Hautaumwa, usiogope, ila umebeba. Ukizaa na mtu kama yeye..." Nilimwona akiwaza. Mdogo wangu si mjinga, kuumwa hakumfanyi mtu mjinga. Aliitazama tarehe iliyo juu ya karatasi, akanitazama mimi.

"Dada, ulipima kwa sababu ya nani?"

Ningesema kwa sababu yangu. Ningesema kwa sababu yake, angeamini, alikuwa tayari ameniamini kwa lile la kwanza. Mama alikuwa nje anaosha sukuma wiki, ananiimbia sifa kwa jirani, namsikia.

"Ya fundi," nikasema.

"Na ile siku ya wageni?"

"Ya fundi pia."

Alikunja karatasi mara mbili, akanirudishia, akaketi kwenye kochi. Halafu akalia, bila kelele, kama mtu aliyechoka. Nilitaka kulia na mimi. Nilikuwa nimempoteza mtu yuleyule, kwa ugonjwa uleule. Lakini yeye alikuwa ameahidiwa, alikuwa amependwa, alikuwa amekataa mwenyewe kwa mdomo wake. Mimi nilikuwa nalilia tochi. Nikasimama pale mlangoni na karatasi yangu, na haki ya Mungu, nilimwonea wivu hata machozi yake.